Kuaga Si Kuomba Ruhusa

Mama Spoku alikuwa na masikio ya ajabu. Mafundi wengine wakitaka kujua kama gurudumu limenyooka hulitazama, yeye alilisikiliza. Alilipachika kwenye nondo iliyochomelewa pembeni mwa meza yake, akalizungusha kwa kidole kimoja, akafumba macho, kisha akagonga spoku moja moja kwa kispana kidogo. Ting, ting, ting, ting, tung.

"Ahaa! Kumbe ni wewe," aliiambia ile iliyosema tung. "Wewe ndiye mvivu wa ukoo huu. Wenzako wanavuta, wewe umelegea kama kamba ya kuanikia nguo."

Akaikaza robo mzunguko. Ting. Gurudumu likaacha kuyumba, likazunguka kimya kama maji kwenye bakuli.

Hivi nani angefikiri kwamba gurudumu moja la kiti cha magurudumu lina spoku thelathini na sita, na kwamba moja ikilegea, zile thelathini na tano hubeba mzigo wake bila kusema neno? Mama Spoku alilijua hilo kwa vidole. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaza spoku nyingi kiasi kwamba jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu, likipumzika.

Shirika alilofanyia kazi lilitengeneza na kukarabati viti vya magurudumu kwa watu wasio na uwezo wa kuvinunua. Lilikuwa na karakana moja ndefu iliyonuka gundi na mpira, ofisi tatu, stoo, na benchi nje ukutani ambapo wateja walisubiri tangu asubuhi. Mama Spoku aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. "Mtu anaingia kabebwa mgongoni kama gunia," alikuwa akisema nyumbani, "anatoka anawafukuza kuku. Sasa kazi gani nyingine ina utamu huo?"

Utamu ulikuwepo. Ila miaka miwili nyuma alikuja Bwana Maono.

Huyo alikuwa mkurugenzi mpya. Hakuwa mtu mbaya, na ni haki kulisema hilo mapema. Hakutukana, hakuiba hata pini, na viatu vyake viling'aa mpaka unajiona meno. Tatizo lake lilikuwa moja: alipenda maneno kuliko vitu. Mwezi wa kwanza alilifuta neno "kazi".

"Hapa hatufanyi kazi," alisema kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa redio. "Hapa tunaitika wito."

Karani, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mwepesi aliyekaa mapokezi, akanyoosha mkono. "Samahani mkurugenzi, huo wito unaisha saa ngapi? Maana kazi ilikuwa inaisha saa kumi na moja."

"Wito hauishi, dada yangu."

Karani akamnong'oneza Mama Spoku, "Hata simu ikiita muda mrefu bila kupokelewa, inakatika yenyewe."

Mwezi wa pili likafutwa "tatizo". Kila tatizo likawa "fursa". Mwaka huu beringi zilipokwisha stoo, Mama Spoku aliandika ripoti kama alivyofundishwa: "Stoo ina fursa ya beringi." Ripoti ikapigiwa makofi. Beringi hazikuja. Viti vikapangwa ukutani vikiwa na magurudumu ya nyuma na bila ya mbele, vimeinama kama vinasali, na kila mteja aliyeuliza aliambiwa fursa bado zipo nyingi.

Mwezi wa tatu ikaondoka "likizo". Mahali pake ikaja fomu ya kurasa nne iitwayo Kupumzisha Moyo, yenye swali: "Je, moyo wako umechoka na nini?" Dereva wa Shirika, mtu mnene mcheshi aliyeendesha polepole mpaka baiskeli zikamwonea huruma, aliandika: "Umechoka na fomu." Aliitwa ofisini, akafanyiwa mazungumzo ya saa nzima.

Kulikuwa pia na kundi la simu lililoitwa Familia. Bwana Maono alituma humo ujumbe wa kutia moyo siku zote saba za wiki, na kila mtu alitakiwa kujibu kwa kuweka alama ya moyo. Usipoweka, kesho yake unaulizwa kwa upole, "Vipi moyo wako, mwenzetu?" Na kila asubuhi, kabla mtu hajashika spana, wote walisimama kwenye Duara la Moyo, kila mmoja akieleza kilichomgusa. Duara lilikula saa nzima. Benchi la nje likawa linajaa, na watu wanachungulia dirishani wakijiuliza kama humo ndani kuna msiba.

Aliyesema waziwazi kwamba kitu fulani ni kibovu aliambiwa ana roho ya ubaridi. Fundi mpaka rangi aliwahi kusema katikati ya Duara kwamba rangi mpya inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Baada ya wiki moja "aliachiliwa akaitikie wito mwingine". Wenzake wakajifunza. Kila mtu akawa anaona, anameza, anaweka moyo.

Ndipo Bwana Maono akaagiza geti la chuma lichorwe maneno makubwa meusi, ili anayepita ajue ni watu wa namna gani wako ndani:

HAPA HAKUNA WAFANYAKAZI. HAPA NI FAMILA.

Mama Spoku alilipita geti hilo kila asubuhi, akalitazama mara moja, akaangalia pembeni, akaingia.

*

Nyumbani kwake hakukuwa na mtu wa kumeza maneno. Huko alikuwepo Bibi.

Bibi alikuwa mama yake mzazi, miaka sabini na mmoja, na maisha yake yote alisaini kwa kidole gumba. Mwaka mmoja uliopita alimsindikiza binti yake kupeleka kiti kwenye shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha mafuta. Kiti kilikuwa cha Mwalimu, dada mmoja ambaye alasiri, watoto wakishaondoka, alifundisha watu wazima kusoma akiwa amekaa kwenye kiti kilichotoka mikononi mwa Mama Spoku mwenyewe. Wakati Mama Spoku amepiga magoti anarekebisha breki, Bibi alikuwa anakazia macho ubao.

"Mwalimu, kile kidudu chenye miguu mitatu ni nini?"

"Ile ni m, bibi. M ya mama."

Bibi akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. "Kumbe ndivyo nilivyo? Mbona nimesimama vizuri hivyo!" Akavuta dawati, akakaa. Breki zikaisha, Mama Spoku akamwita waende. Bibi akamwambia atangulie.

Tangu siku hiyo nyumba haikuwa na amani, ila ni ile fujo unayoitamani. Bibi alisoma pakiti za sabuni, alisoma kalenda, alisoma mgongo wa fulana za wapita njia kwa sauti mpaka wengine wakageuka. Wajukuu zake walimtania kutwa.

"Bibi, hiyo ni b, siyo d!"

"Tofauti yake nini?"

"B tumbo lake liko mbele. D tumbo liko nyuma."

"Sasa tumbo la nyuma ni tumbo gani? Hiyo d ni baba yenu akiwa amegeuka."

Asubuhi moja aliibuka kutoka bafuni ameshika dawa ya meno kama mtu aliyeshika nyoka. "I-si-tu-mi-ke ba-a-da ya... nyinyi watoto! Mwezi huu ni wa ngapi? Hii dawa ilikufa tangu mwaka jana! Mnapiga mswaki na marehemu!"

Na ilikuwa kweli. Watu wanne wanaojua kusoma walikuwa wameitumia wiki tatu nzima. Mtu aliyezoea kusoma hapotezi muda na herufi. Anatupa jicho, anakisia, anapita. Bibi hakukisia chochote. Alitembea juu ya kila silabi kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Sasa darasa lilikuwa linamaliza mwaka. Alhamisi, saa tatu asubuhi, kila mwanafunzi angesimama mbele ya watu asome ukurasa alioandika kwa mkono wake. Bibi alikataa kumwonyesha mtu ukurasa wake, akaulalia chini ya mto.

"Utakaa mbele," alimwambia Mama Spoku.

"Nitakaa mbele, mama."

"Siyo mstari wa pili. Mbele. Nikiinua macho nauona uso wako. Hizi herufi zina tabia mbaya. Zikiniona niko peke yangu zinaanza kucheza ngoma."

"Nimekuahidi, mama. Nitakuwepo."

*

Jumatatu Mama Spoku alijaza fomu ya kurasa nne. Kwenye swali la moyo wako umechoka na nini, aliandika: "Haujachoka. Una furaha. Mama yangu anasoma." Jumanne akaitwa ofisini.

Bwana Maono alikuwa ameketi kwenye kiti cha ofisi kile cha kuzunguka, na kila alipojisogeza kiti kililia nyiii. Masikio ya Mama Spoku yaliuma. Beringi kavu, alijisemea. Tone moja la mafuta tu. Lakini nani angesema?

"Mama," Bwana Maono alianza, "fomu yako imenigusa. Imenigusa sana. Lakini Alhamisi ndiyo siku wanakuja wafadhili. Nani atawaonyesha jinsi gurudumu linavyokazwa?"

"Ni muda mfupi tu, mkurugenzi. Natoka saa mbili na nusu, saa tano nimerudi. Shule yenyewe iko hapo nyuma ya kituo cha mafuta, hata nikipiga chafya huku wanasikia."

"Usiniite mkurugenzi, mama. Sisi ni familia."

"Ndiyo, mkurugenzi."

"Na familia," alisema, akitabasamu kwa huruma ya kweli kabisa, maana yeye aliyaamini maneno yake, "familia haiombi ruhusa ya kuondoka nyumbani." Akachukua kalamu yake ya kijani akaandika juu ya fomu: *Familia haiombi ruhusa.* Akasaini, akagonga muhuri, akachora kimoyo kidogo mahali pa nukta. Nyiii, kikalia kiti. Mazungumzo yakawa yamekwisha.

Jioni hiyo Mama Spoku alikatakata mboga kimya. Bibi alimvumilia kwa dakika mbili hivi, ambazo kwake ni mwaka.

"Leo ulimi umeuacha kazini? Sema."

Akasema. Wafadhili, Alhamisi, ruhusa imekataliwa. Akaeleza na yale ya mpaka rangi. "Nikiondoka, mama, na mimi nitaachiliwa. Nisipoondoka..." Akatoa fomu kwenye mfuko wa aproni akaiweka mezani.

"Lete nisome mwenyewe," alisema Bibi. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye wino wa kijani. "Fa-mi-li-a. Ha-i-o-mbi. Ru-hu-sa." Akavua miwani. "Amesema kweli huyu kijana."

"Mama! Na wewe upo upande wake?"

"Nakuuliza. Mimi nikitoka hapa kwenda kwa jirani, nakuomba ruhusa?"

"Hapana."

"Nafanya nini?"

Mama Spoku akaacha kisu. "Unaaga."

"Ehee! Mfanyakazi anaomba ruhusa. Mtu mzima wa nyumbani anaaga. Anasema, jamani natoka, sufuria iko jikoni, kuku hawajafungiwa, narudi jioni. Akishasema hivyo anavaa viatu. Sasa bwana wenu ameandika getini kwamba wafanyakazi hawapo, na hapa ameandika kwamba familia haiombi ruhusa, na muhuri kapiga. Unataka akuandikie na nini tena? Nenda kamuage."

Wajukuu wakaangua kicheko. Mama Spoku naye akacheka, akarudi kwenye mboga zake.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi Duara la Moyo lilipangwa nje, uani, ili wafadhili walione. Wafadhili walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mfupi mwenye miwani minene na daftari. Wanafamilia wote walikuwa wamevaa fulana mpya za njano zenye moyo kifuani. Fulana zilikuwepo mia mbili. Beringi hazikuwepo. Kwenye benchi la ukutani wateja saba walikuwa wanatazama kama watu waliolipia tiketi.

Dereva alisema ameguswa na mawio ya jua. Karani alisema ameguswa na wageni. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika ishirini na nane. Zamu ikamfika Mama Spoku.

Alijiambia, sikiliza kwanza, ni ipi imelegea, kaza hiyo tu.

"Mimi," alisema, "nimeguswa na maneno ya mkurugenzi."

Bwana Maono akang'aa kuliko viatu vyake. Mama mwenye miwani akaandika.

Mama Spoku akaitoa fomu mfukoni. "Jumanne aliniandikia hivi: 'Familia haiombi ruhusa.' Nikaenda nayo nyumbani, nikayafikiria maneno haya, nikaona ni ya kweli kabisa. Nyumbani mtu haombi ruhusa, anaaga. Basi jamani, naaga. Mama yangu ana miaka sabini na mmoja, na saa tatu hii anasoma mbele za watu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kiti cha mzee wa kwanza pale benchi kiko tayari, bado kujaza upepo tu. Gurudumu la bluu lisiguswe, gundi haijakauka. Ufunguo wa stoo uko kwenye msumari. Narudi saa tano."

Akavua aproni, akaikunja, akaiweka pembeni mwa benchi.

Tabasamu la Bwana Maono lilibaki usoni, limeganda kama mtu aliyesahau kuzima taa.

"Mama, hili tutalizungumza baadaye, kama fami—"

"Samahani mkurugenzi," alidakia Karani. "Kama sisi ni familia, mama yake huyu ni nani kwangu?"

"Ni... kwa namna ya kusema..."

"Ni mama yangu. Na mama hasomi kila siku. Nami naaga. Daftari la wageni liko mezani, simu imechajiwa."

"Mimi siagi," alisema Dereva. Wote wakamgeukia. "Sasa mkienda kwa miguu nani atawapeleka? Mtu haagi safari anayoiendesha yeye."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwenye benchi la wateja. Mama mwenye miwani alifunga daftari lake. "Huyo mama anasoma nini?"

"Hajatuambia," alisema Mama Spoku. "Ameulalia ukurasa wake wiki nzima."

"Sisi tumekuja kuiona familia," yule mama akawaambia wenzake. "Naona familia inatoka. Tubaki kutazama kuta?" Akamgeukia Bwana Maono. "Twende, mkurugenzi?"

Wagonjwa wa maneno wana dawa moja tu, nayo ni maneno yao wenyewe. Akaenda.

Gari halikuwatosha. Dereva aliwachukua wafadhili, Bwana Maono na kila aliyebanana, wengine wakatembea, na wateja wanne wenye viti vizima wakasema na wao wanaaga, wakashika njia ya kituo cha mafuta wakishindana. Kwa mwendo wa Dereva, viti viliwahi kufika kabla ya gari. Mama Spoku alitembea katikati yao akisikiliza magurudumu kwenye lami. "Wewe wa kushoto, unagonga! Kesho niletee hilo!" Mwenye kiti akamjibu, "Leo ni sikukuu ya mama, fundi, acha kusikia!"

*

Darasa lilikuwa la watoto wadogo. Bwana Maono alikaa kwenye kidawati mpaka magoti yakamfika kidevuni. Mama Spoku alikuwa amekaa mbele, mbele kabisa, pua yake karibu iguse meza ya Mwalimu.

Wanafunzi watatu walisoma. Kisha Mwalimu akasukuma kiti chake pembeni, akasema, "Bibi, karibu."

Bibi akasimama katika gauni lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akafungua ukurasa. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Mimi ni mwa-na-fu-nzi. Nime-sai-ni kwa ki-do-le mi-a-ka yo-te. Ki-do-le changu kimecho-ka. Sasa kime-staa-fu."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Bibi akangoja watulie, kama mtu anayejua kazi yake.

"Nili-po... nilipo-m... nilipo-mp..."

Akakwama. Akarudia. Herufi zikaanza ile ngoma yao. Bibi akainua macho.

Binti yake alikuwepo. Hakumtajia neno, hakuchezesha midomo. Aligonga dawati kwa kucha, taratibu sana, kama anavyogonga spoku: ting, ting, ting.

Bibi akarudisha macho kwenye karatasi.

"Nilipo-mpe-le-ka binti yangu shule, nilisi-ma-ma mlangoni. Juu ya mlango pali-a-ndi-kwa ne-no. Sikulijua. Nika-o-go-pa, nikarudi nyumbani. Mwaka huu nimelisoma. Limea-ndi-kwa KARIBU." Akaunyooshea kidole mlango wa darasa. "Miaka arobaini nilikuwa nimekaribishwa, si-na habari. Basi sasa nimeingia."

Makofi yaliyopigwa humo yaliangusha chaki ubaoni. Mwalimu alikuwa analia, Karani alikuwa analia na kucheka kwa zamu, na Dereva alijipangusa uso kwa fulana ya njano, moyo wote ukalowa. Mama Spoku alishindwa hata kupiga makofi. Alikuwa amemkumbatia mama yake na ile karatasi katikati, ikikunjamana.

"Usinikunjie kitabu changu," Bibi alimwambia sikioni.

*

Saa tano kasoro walirudi. Bibi alikaa kiti cha mbele cha gari, maana hakuna aliyethubutu kumwambia akae nyuma, akasoma kila kilichopita dirishani: "Ki-nyo-zi. Ma-ji ba-ri-di. U-si-ko-jo-e ha-pa. Astaghafiru!" Wafadhili walivunjika mbavu. Dereva akapinda kona, likatokea geti.

"Ha-pa ha-ku-na wa-fa-nya-ka-zi," alisoma Bibi. "Ha-pa ni fa... fa-mi... Dereva, simama."

Gari likasimama. Kwa kweli lilikuwa karibu limesimama tangu mwanzo.

"Famila ni nini?"

"Ni familia, mama," Bwana Maono alisema kutoka nyuma, kwa ile sauti ya redio.

"Hapana, mwanangu. Familia naijua, niliisoma Jumanne kwenye karatasi yako, mwandiko wa kijani. Hii ni famila. Fa. Mi. La. Li iko wapi?"

Bwana Maono akashuka. Akasimama mbele ya geti lake mikono kiunoni. Karibu miaka miwili alikuwa ameingia na kutoka hapo, akipiga picha na wageni chini ya maneno hayo. Midomo yake ilisogea: fa, mi, la. Masikio yakamwiva.

"Mlikuwa mmeliona hili?" aliuliza bila kugeuka.

"Mimi niliona rangi ikiwa mbichi," alisema Karani.

"Mimi wiki ya pili," alisema Dereva. "Nikadhani ni Kiswahili kipya."

"Mimi kila asubuhi," alisema Mama Spoku.

"Mbona hamkuniambia?"

Karani ndiye aliyejitoa. "Tungeiitaje, mkurugenzi? Fursa?"

Mama mwenye miwani alipiga chafya ambayo haikuwa chafya. Kila mtu alingoja hasira. Lakini kilichomtoka Bwana Maono kilianzia chini tumboni, kikapanda, kikafika juu kikiwa chembamba na chenye kukwaruza: nyiii, nyiii. Alikuwa anacheka. Hakikuwa kicheko chake cha mikutanoni. Hiki hawakuwahi kukisikia, na kilifanana kabisa na kiti chake.

Alipotulia alijifuta macho. "Na kingine?" aliuliza polepole, kwa sauti ya mtu wa kawaida. "Nini kingine mmekiona mkanyamaza?"

Bado waliogopa. Mpaka rangi alikuwa bado hayupo.

"Semeni," Bibi aliwahimiza, akiwa ametoa kichwa dirishani. "Mimi nipo."

"Beringi," alisema Mama Spoku. Neno moja. Kisha akaona limetoka na mbingu hazijaanguka, akaongeza. "Miezi mitatu, hatuna hata moja. Wale uliowaona kwenye benchi siyo fursa, mkurugenzi. Ni watu."

"Na saa kumi na moja ni saa kumi na moja," alisema Karani.

"Na Jumapili moyo wangu uko kwa mke wangu," alisema Dereva. "Siwezi kuuweka kwenye simu."

"Na mpaka rangi alisema kweli," alimalizia Mama Spoku, akinyooshea kidole geti, ambapo ukingo wa herufi F ulikuwa unabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Bwana Maono alijipapasa mifukoni, akakosa karatasi, akaanza kuandika kwenye kiganja chake kwa kalamu ya kijani. Mkono wa kushoto ukajaa. Mama mwenye miwani akampasulia ukurasa wa daftari.

Mambo hayakunyooka yote siku hiyo. Hata gurudumu halinyooki kwa kukaza spoku moja. Duara la Moyo liliendelea, ila kwa dakika kumi, na neno "wito" lilimponyoka Bwana Maono mara kwa mara kama kikohozi cha zamani. Lakini beringi zilifika wiki ya tatu, na mpaka rangi alipigiwa simu, akasema atafikiria, akafikiria siku mbili ili wamtamani. Kiti cha ofisini kilipata tone lake la mafuta. Na pale mapokezi, mahali pa fomu ya kurasa nne, Karani aliweka daftari la kawaida lenye jalada la bluu, akaliandika kwa mkono: Daftari la Kuaga.

Jumamosi ya wiki ile ile, kabla mpaka rangi hajarudi, Mama Spoku alipanda ngazi na kikopo cha rangi nyeusi. Nafasi kati ya L na A ilikuwa ndogo sana, huwezi kupitisha hata kidole. Akachukua brashi nyembamba kuliko zote, akaichora I moja iliyosimama wima, nyembamba kama spoku. Kwa mazoea akaigonga kwa kispana, akafumba macho, akasikiliza.

"Vipi huko juu?" Bibi aliuliza, akiwa ameishikilia ngazi.

"Haiyumbi."

Bibi akarudi nyuma hatua tatu, akavaa miwani. "Fa-mi-li-a," alisoma. "Imebanwa kidogo, lakini imeingia." Akaiachia ngazi na binti yake bado yuko juu, akakwapua mfuko wake wenye daftari jipya la darasa la pili.

"Mama, ngazi!"

"Mwanangu, naaga," alisema Bibi, na alikuwa ameshavaa viatu.